Simu Ikilia Sanga, Nani Anaipokea?

Mazungumzo ya leo, wasikilizaji wa Sanga na wa Kamina, hapa kwetu Haut-Lomami, Kongo, ni ya simu na kipimo. Ninaomba mama asikilize, na baba asiondoke, kwa sababu naye nina neno lake.

Mwaka 2007, katika kliniki za Nairobi na Kajiado, nchini Kenya, wagonjwa walioanza dawa za kirusi cha ukimwi walianza kupata ujumbe mfupi kwenye simu zao kila wiki. Ujumbe wenyewe ulikuwa neno moja: "Mambo?" Mgonjwa alipewa saa 48 za kujibu. Akiwa salama, anaandika "Sawa". Akiwa na tatizo, anaandika "Shida", na muuguzi anampigia. Asiyejibu kabisa, naye anapigiwa. Wagonjwa 538 walikubali kuingia katika utafiti huo. Waligawanywa kwa kura, upande mmoja wakapata ujumbe, upande wa pili wakaendelea na huduma ya kawaida. Matokeo yalitoka mwaka 2010 katika jarida la Lancet. Waliopata ujumbe, 62 kwa mia walikuwa wakimeza dawa zao inavyotakiwa. Wenzao, 50 kwa mia. Tofauti hiyo ililetwa na neno moja na muuguzi aliyekuwa tayari kupiga simu.

Wagonjwa wale, hata hivyo, walikuwa wanajijua kwamba wanaumwa. Chupa ya dawa ilikuwa nyumbani. Kazi ninayotaka tuizungumze leo ni ngumu zaidi: kumkumbusha mtu asiyeumwa chochote kwamba siku yake ya kupimwa imefika. Mwenye maumivu hahitaji kukumbushwa, maumivu yanamwamsha usiku. Mwenye afya ana mihogo ya kulowesha, ana watoto wa shule, ana kilio cha jirani ambacho asipokwenda atasemwa. Aache hayo yote aende kituo cha afya kulala juu ya kitanda cha muuguzi, kwa ugonjwa ambao hauoni wala hausikii? Ndiyo maana watu wanasema "nitaenda wiki ijayo", na wiki ijayo inakuwa mwaka.

Tuchukue kansa ya shingo ya kizazi, ule mlango wa nyumba ya mtoto. Hapa kwetu Kongo ni miongoni mwa kansa zinazoua wanawake wengi zaidi. Duniani, mwaka 2022 peke yake, iliwaua wanawake wapatao 350,000, na wengi wao walikuwa katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, nchi kama yetu. Inaanzia kwa kirusi kinachoitwa HPV, kinachopita katika tendo la ndoa. Karibu kila mtu anayefanya tendo hilo hukutana nacho wakati fulani, na mara nyingi mwili hukiondoa wenyewe. Kwa baadhi ya wanawake kinabaki. Kikibaki, kinabadilisha ngozi ya mlango wa kizazi polepole sana: kwa mwanamke mwenye kinga nzuri ya mwili huchukua miaka 15 hadi 20 kabla ya kuwa kansa. Kwa mwanamke mwenye kirusi cha ukimwi asiyetumia dawa, miaka 5 hadi 10.

Sikieni vizuri hesabu hiyo, kwa sababu ndani yake mna habari njema. Ugonjwa unaotembea kwa miaka 15 unatupa miaka 15 ya kuukamata. Muuguzi aliyefundishwa anaweza kupaka siki iliyopunguzwa, ile tunayoiita vinegre, kwenye mlango wa kizazi, na baada ya dakika moja sehemu iliyoanza kuharibika inageuka nyeupe mbele ya macho yake. Kipo pia kipimo cha kirusi chenyewe, ambacho ni bora zaidi, na ambacho mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe kwa kijiti laini, nyuma ya pazia, pasipo mtu kumtazama. Sehemu iliyoharibika ikipatikana mapema, inachomwa kwa joto au kwa baridi kali, kwa dakika chache, na mama anarudi nyumbani siku ileile.

Lakini hesabu hiyohiyo ina ugumu wake. Shirika la Afya Duniani linashauri mwanamke aanze kupimwa kwa kipimo cha kirusi akifika miaka 30, na akionekana salama arudie baada ya miaka 5 hadi 10. Nani kati yetu anakumbuka jambo aliloambiwa miaka mitano iliyopita na muuguzi ambaye ameshahamishwa? Katika miaka mitano mtu anaolewa, anafiwa, anahama kutoka Sanga kwenda Likasi kumfuata mume aliyepata kazi, anarudi. Fishi ya kliniki imelowa mvua au imeliwa na panya. Hapo ndipo mashine ina kazi ya kweli. Mashine haichoki na haihamishwi. Ukiiandikia leo kwamba mama fulani arudi baada ya miaka mitano, siku hiyo ikifika itatuma wito, hata kama wote waliokuwepo siku ile wamesahau.

Namna inavyofanya kazi haina uchawi. Katika kompyuta au katika simu ya kituo kuna orodha: jina, namba ya simu, lugha, tarehe ya kurudi. Kila asubuhi programu inapitia orodha, inachagua wale ambao tarehe yao imekaribia, inawatumia ujumbe au inawapigia na kucheza sauti iliyorekodiwa. Zoni za afya za nchi yetu tayari zinatumia programu ya DHIS2 kupeleka ripoti zao za kila mwezi, na programu hiyo ina uwezo wa kufuata mgonjwa mmojammoja na kumtumia ujumbe. Kwa hiyo chombo si kigeni kwetu.

Na je, kweli inasaidia watu kwenda kupimwa? Kule Nyanza, magharibi mwa Kenya, Dokta Thomas Odeny na wenzake walitazama akina mama wenye kirusi cha ukimwi waliojifungua, ambao watoto wao walihitaji kupimwa mapema. Waliopata ujumbe wa simu, watoto 92 kwa mia walipimwa ndani ya wiki nane. Wasiopata, 85 kwa mia. Mtu anaweza kusema tofauti ni ndogo. Mimi nasema watoto saba katika kila mia ni darasa zima la shule ukihesabu kata nzima, na mtoto mchanga mwenye kirusi asiyegunduliwa mara nyingi hafikishi miaka miwili.

Sasa tuje kwenye jambo lililonifanya niandae mazungumzo haya. Zanzibar, mwaka 2009 na 2010, kulikuwa na utafiti mkubwa kwa wajawazito zaidi ya 2,500, ulioongozwa na Dokta Stine Lund wa Denmark pamoja na watu wa Wizara ya Afya ya Zanzibar. Upande mmoja akina mama walipata ujumbe wa kukumbusha kliniki na wakapewa vocha ya kumpigia mkunga. Jumla ya hesabu ilipendeza: waliojifungua mikononi mwa mkunga aliyesomea walikuwa 60 kwa mia, dhidi ya 47 kwa mia kwa wenzao. Lakini watafiti walipoichambua hesabu hiyo, mjini na shamba, wakakuta faida ilikuwa kwa wanawake wa mjini. Kwa wanawake wa vijijini, kujifungua kwa mkunga hakukuongezeka kwa kiasi cha kuonekana.

Wasikilizaji wa Sanga, Zanzibar ni visiwa vidogo, na bado ujumbe ulishindwa kumsogeza mama wa shamba. Kamina ni njiapanda ya reli, reli ya kutoka Lubumbashi inagawanyika hapo, moja kwenda Ilebo, nyingine kuelekea Tanganyika. Lakini ukitoka nje ya mji na kushika barabara ya mchanga, mvua ikishaanza kunyesha karibu Oktoba, kilomita 20 zinaweza kula siku nzima. Mtu akituletea mradi wa simu kutoka mjini na kusema "kule ulifaulu", tumuulize: ulifaulu kwa nani?

Katika mikoa ya Kilimanjaro na Arusha, Tanzania, walikwenda hatua moja mbele. Wanawake 866 waligawanywa mafungu matatu kuhusu kipimo hikihiki cha shingo ya kizazi. Fungu la kwanza halikupata kitu zaidi ya taarifa ya kawaida: 4.3 kwa mia wakaenda kupimwa. Fungu la pili lilipata ujumbe mfululizo wa kueleza na kukumbusha: 12.9 kwa mia. Fungu la tatu lilipata ujumbe huohuo pamoja na vocha ya nauli kwa njia ya simu: 18 kwa mia. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019. Tazameni hesabu hiyo kutoka pande zote mbili. Ujumbe mtupu uliongeza waliokwenda karibu mara tatu, na hilo si dogo. Nauli ikaongeza tena. Na hata hivyo, kati ya kila wanawake mia wa fungu hilo la tatu, 82 walibaki nyumbani. Simu inakumbusha, haibebi mtu mgongoni, haimlindii mtoto, haimwombei ruhusa kwa mume.

Kwa hiyo hapa kwetu swali langu la kwanza ni lile la kichwa cha mazungumzo: simu ikilia, nani anaipokea? Katika nyumba nyingi za vijiji vyetu simu ni moja, na iko mfukoni mwa baba. Wakati mwingine iko kwa kijana anayeishi mjini, au kwa mwenye duka anayechajisha simu za watu kwa paneli ya jua. Laini zinabadilishwa: leo Vodacom, kesho Airtel, kufuatana na rezo inavyofika. Ujumbe uliotumwa kwa namba ya mama unasomwa na shemeji. Kama umeandikwa "njoo upimwe kansa ya kizazi" au, vibaya zaidi, "njoo uchukue majibu ya kipimo cha kirusi", umeshaleta ugomvi nyumbani kabla mama hajafungua mdomo. Kirusi hiki kinapita katika ndoa, na mtu asiyeelewa atauliza mara moja, "umekitoa wapi?" wakati huenda kimekaa mwilini miaka kumi pasipo yeyote kujua, na huenda yeye mwenyewe ndiye aliyekileta.

Kwa sababu hiyo ujumbe wa kipimo usitaje ugonjwa. Useme: "Mama, kituo cha afya kinakukaribisha Jumanne asubuhi. Njoo na fishi yako." Basi. Na siku mama anapoandikishwa, muuguzi amwulize kwa utaratibu, wakiwa wawili: namba hii ni ya nani? Tukipiga nani atashika? Tukuite kwa jina gani? Ungependa tukupigie au tukutume mtu? Maswali manne, dakika mbili. Nchi yetu ina Sheria ya Dijitali tangu Machi 2023, inayolinda habari za mtu binafsi, lakini sheria iliyoko Kinshasa haimlindi mama kama muuguzi wa hapa hakuuliza maswali hayo.

La pili ni sauti. Ninasema wazi: kwa Sanga, maandishi peke yake hayatoshi. Kuna mama wengi waliokatishwa shule, na kuna wazee ambao macho hayasomi tena herufi ndogo za simu. Wito urekodiwe kwa sauti ya mtu wa hapa, kwa Kiluba na kwa Kiswahili chetu, sauti ya mama mtu mzima mwenye heshima. Kifaransa cha ofisini kikiachwa, hakuna atakayekikosa. Na wito uwe na njia ya kujibu isiyokula mayunite ya simu. Mama anaweza kubipu mara moja, simu ya kituo ikaona namba yake, muganga akampigia. Hilo ni muhimu kuliko linavyoonekana, kwa sababu mashine haijui kwamba Jumanne hiyo mama atakuwa katika siku zake za mwezi, na kipimo cha siki hakifanywi siku hizo. Haijui kwamba ni wiki ya kupanda mahindi. Mtu asipoweza kusema "siyo Jumanne hii, nipe nyingine", anaona haya, anaacha kwenda, na mashine inaandika kwamba amekataa. Hakukataa. Hakuulizwa.

Tena wito usiwe mwingi. Kule magharibi mwa Kenya kulikuwa na utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2011, uliolinganisha ujumbe wa kila siku na wa kila wiki kwa watu wanaomeza dawa. Wa kila wiki ulisaidia. Wa kila siku haukusaidia. Kelele za kila siku sikio linazizoea. Kwa kipimo cha mara moja katika miaka mitano, wito mmoja wiki moja kabla, ili mama apange kinga, yaani baiskeli, na mtu wa kubaki na watoto, na mwingine jana yake jioni, unatosha kabisa.

La tatu, na kwangu ndilo kubwa zaidi: tukumbushe mtu atakayetembea. Rwanda, jirani zetu wa mashariki, walipoanza mpango wao wa RapidSMS katika wilaya ya Musanze mwaka 2009, hawakumtumia mama ujumbe. Walimtumia mhudumu wa afya wa kijiji. Mhudumu anaandikisha mimba kwa simu yake, kompyuta inahesabu tarehe, na siku ya kliniki inapokaribia ni yeye anayekumbushwa aende kwa mama huyo. Baadaye mpango ukaenea nchi nzima. Sisi tunao watu hao. Ndio mareko wetu, wajitoleaji wanaopita nyumba kwa nyumba siku za chanjo, wanaojua nani amejifungua na nani amehama. Reko anajua kwamba simu ya mama fulani iko kwa mumewe, na kwamba mama huyo hupatikana mtoni asubuhi, akiwa peke yake. Hakuna programu itakayojua hilo. Ikiwa kila Jumatatu simu ya reko ingepokea orodha fupi, majina matatu au manne ya kutembelea wiki hiyo, na akimaliza akabipu kituoni, tungekuwa tumepata ukumbusho unaofika mlangoni. Lakini reko naye ana tumbo. Ukimpa simu na kazi, mpe na mayunite, mpe na kitu cha kununua unga wa bukari. Tumewachosha watu hawa kwa kuwaita wajitoleaji huku tunawapa kazi ya mfanyakazi.

Hayo yote, wasikilizaji, yanaanguka kama mama akifika na kukuta mlango umefungwa. Tuseme mama ametembea saa tatu, mtoto mgongoni. Muuguzi amekwenda semina. Siki imeisha. Au umeme wa mashine ya kuchoma haupo. Mama huyo hatarudi, na atawaambia wenzake kumi kwenye kisima, na maneno yake yatafika mbali kuliko ujumbe wowote wa simu. Wito wa uongo ni mbaya kuliko ukimya.

Jimbo letu la Haut-Lomami linalijua somo hili kwa njia ya chanjo. Mwaka 2017 polio ilizuka tena hapa kwetu. Mwaka 2018 serikali ikaanzisha mpango wa chanjo uitwao Plan Mashako, kwa jina la marehemu Profesa Leonard Mashako Mamba aliyekuwa Waziri wa Afya, na jimbo letu lilikuwa katika majimbo ya mwanzo. Moja ya mambo ambayo mpango huo uliyasisitiza ni jepesi kulisema na gumu kulitenda: siku iliyotangazwa ya chanjo, chanjo ifanyike kweli, na mtu aende kukagua kama imefanyika. Ninaomba kanuni hiyohiyo kwa vipimo vya wakubwa. Programu ya ukumbusho isitume hata wito mmoja mpaka muganga wa kituo awe amethibitisha, siku mbili kabla ya kila wito, kwamba siku ya kipimo atakuwepo na vifaa vitakuwepo. Asipothibitisha, programu inyamaze. Jambo hilo fundi wa kompyuta analiweka kwa mchana mmoja, na kwangu lina thamani kuliko michoro yote ya rangi watakayoonyesha wafadhili.

Kuna wakati mwingine ambapo ukumbusho bora ni ule usiohitajika. Mama akipimwa kwa siki na kutibiwa saa ileile, hakuna safari ya pili ya kukumbushwa. Mama wengi hawapotei kabla ya kipimo tu; wanapotea pia katikati, kati ya kuchukua sampuli na kupata majibu, kati ya majibu na tiba. Aliyeambiwa "tutakuita" na hakuitwa yuko katika hatari kubwa kuliko anavyojua, kwa sababu anaamini amepimwa na yuko salama. Kama kipimo ni cha kirusi, na sampuli lazima isafiri kwenda mjini, basi mashine ifanye kazi yake ya kwanza hapo: kumtafuta aliyekutwa na tatizo mpaka apatikane. Simu ya kwanza asipopokea, ya pili. Ya pili asipopokea, reko anatembea. Kama mradi una pesa za kufuata watu wachache tu, uwafuate hao kabla ya kuwaita wapya elfu.

Baba uliyebaki unasikiliza, nilikuahidi neno lako. Simu iko kwako. Ujumbe wa kituo cha afya ukiingia, mpe mama simu, usimhoji. Akikuambia siku fulani anakwenda kituoni, mbebe kwa kinga au mtafutie mtu wa kumbeba, na siku hiyo ubaki na watoto. Kansa hii ikiachwa mpaka damu itoke na harufu ianze, safari ya kutafuta tiba inakuwa ya Lubumbashi, kama kilomita 600 kwa reli, na inakula mbuzi, inakula shamba, inakula ada ya watoto, na mara nyingi mama harudi. Franga za kinga ya Jumanne moja ni ndogo mno mbele ya hayo.

Na wakubwa wa zoni ya afya, ninawasihi. Tarehe 17 Novemba 2020 Shirika la Afya Duniani lilizindua mkakati wa kuitokomeza kansa hii, na shabaha mojawapo ni kwamba ifikapo mwaka 2030 wanawake 70 katika kila mia wawe wamepimwa kwa kipimo kizuri wakifika miaka 35, na tena wakifika miaka 45. Mwaka 2030 uko mlangoni. Msingoje kompyuta. Anzeni na kaye moja, yaani daftari, na simu moja ya kituo, kila mama na tarehe yake ya kurudi, na mtu mmoja anayepitia kaye hiyo kila Jumatatu. Siku mashine itakapokuja itakuta orodha iliyo safi, kwa sababu mashine iliyopewa orodha chafu itaita wafu na kusahau wazima.

Nawe mama uliyefika miaka 30 na kuendelea, safari yako ijayo ya kituoni, hata kama unampeleka mtoto mwenye homa, muulize muganga: hapa mnapima shingo ya kizazi? Kama hampimi, ni wapi wanapima, siku gani, kwa franga ngapi? Usiondoke hajajibu. Kisha umwachie namba inayokufikia, umwambie ni ya nani, na jina unalotaka kuitwa. Na mama anayeishi na kirusi cha ukimwi asingoje miaka 30: hatari yake ya kansa hii ni mara sita ya mwenzake, na kwake maswali hayo ni ya kuuliza akifika miaka 25.